Baharia wa Tanganyika Aliyeishia Sange

Bukavu, Jumatatu, 5 Machi 2001

Hili sijamwambia mtu yeyote. Si Papa, yaani baba yangu, si dada yangu Élodie, si padri. Padri nilikaribia kumwambia, lakini foleni ya kuungama ilikuwa ndefu na mbele yangu kulikuwa na watu ninaowajua. Nikarudi nyumbani na dhambi yangu.

Sijawahi kufika Ziwa Tanganyika.

Basi. Nimeandika.

Mbele ya watu wote wa bandari nilisema nimefanya kazi miaka miwili kwenye boti za Tanganyika, Uvira mpaka Kalemie. Uongo mtupu! Nilikofika mimi ni Sange, kwenye harusi ya shangazi Consolate. Pale barabara ilikuwa imefungwa na wanajeshi. Tukala wali, tukarudi. Ziwa sikuliona hata kwa mbali.

Sikupanga. Kapiteni Zagabe aliniuliza, kwa ile sauti yake inayosikika mpaka ng'ambo, kama nimewahi kugusa kamba ya boti. Watu wakageuka. Mimi watu wakiniangalia, mdomo unafanya kazi peke yake. Ningejibu hapana, angeuliza maswali mengine. Nilisema Tanganyika ili anyamaze. Akanyamaza kweli. Halafu akaniambia nipande.

Kwa hiyo sasa mimi ni matelo, mfanyakazi wa boti, kwenye "Mungu Iko", boti ya mbao inayopeleka bia na magodoro Goma na kurudi na vitunguu. Jina langu ni Aganze lakini hakuna anayelitumia. Naitwa Tanganyika.

Niandike pia kwa nini uongo huu nauhitaji. Tuko matelo wawili kwenye majaribio, mimi na Thierry, na kadi ya kazi ni moja. Maman Adolphine, mwenye boti, ataitoa wiki ijayo. Kijana mwenye kadi anapita barrière, kile kizuizi cha wanajeshi barabarani. Asiye nayo, tunajua. Placide wa jirani alitumwa kununua sukari. Wanajeshi wakampandisha lori, mpaka leo hajarudi. Mama yake bado anamwekea sahani mezani. Tangu siku hiyo kwetu anayekwenda kununua sukari ni Papa mwenyewe, mwalimu wa Kifaransa, na koti lake na kalamu mfukoni.

Namshukuru Mungu kwa kazi hii. Naogopa vibaya sana.


Goma, Jumanne, 6 Machi

Balaa ya kwanza: kuita abiria.

Kumbe ni kazi ya matelo! Unasimama bandarini unapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka: Bukavu! Bukavu! Boti inaondoka! Thierry anaweza. Thierry ana koo la mchungaji wa kanisa la uamsho. Mimi nikimsalimia mtu mmoja nahitaji kupumzika.

Nikamwambia kapiteni kwamba Tanganyika hatuiti abiria. Tunasimama kimya, mikono nyuma. Abiria akisikia kelele anajua boti haina watu. Akiona kimya anajua ni boti ya heshima.

Kapiteni akakuna kidevu. "Bale batu ba kule beko na akili," akasema. Akamwamuru Thierry anyamaze naye! Thierry aliniangalia kama mtu aliyezimiwa redio katikati ya mpira.

Tukasimama kimya, mikono nyuma. Boti nyingine zikajaa. Maman mmoja mwenye kuku alikuja kutuuliza, kwa upole, ni nani amekufa. Nikatazama maji. Akaona uso wangu, akasema "Pole, mutoto wangu," akanipa kichana cha ndizi, akapanda ili atusindikize katika msiba wetu. Wengine waliopanda ni wale waliochelewa boti zote.

Nikajua nimekwisha. Lakini kapiteni alisema boti nyepesi inakwenda mbio. Bado ananiamini! Ndizi zilikuwa tamu. Aksanti, maman wa kuku. Jina lako sikuthubutu kuuliza.


Alhamisi, 8 Machi, tukienda Goma

Nimetapika. Karibu na kisiwa cha Idjwi, upepo wa mchana ulipoamka. Nilijificha nyuma ya magodoro lakini Thierry alinifuata, akasimama juu yangu mikono kiunoni, akauliza kwa furaha baharia gani anatapika.

Nikamwambia shida ni udogo wa ziwa. Tanganyika mawimbi ni makubwa, tumbo limezoea makubwa. Haya madogo yanalichanganya.

"Unatapika sababu ziwa iko ndogo?"

Nikamwambia ndiyo. Nikatapika tena.

Hakubishana. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alitabasamu, akasema vizuri sana, kwa sababu Jumatatu shemeji yake Polycarpe anasafiri na sisi, na Polycarpe ameishi Kalemie, na Polycarpe alikuwa baharia kule, na Polycarpe anapenda mno kuzungumza habari za kule na watu wanaokujua.

Sitakula leo. Kwa sababu ya Polycarpe, si kwa sababu ya mawimbi.


Ijumaa, 9 Machi, tukirudi kutoka Goma

Kabla Polycarpe hajaniua, nimepata ushindi! Niuandike ukiwa bado moto.

Kwenye ziwa letu boti haiondoki bila maombi. Mota inazimwa ili Mungu asikie, wote wanafumba macho, abiria mmoja anaombea safari. Hiyo ni lazima. Hata wanajeshi wakipanda wanavua kofia. Lakini kukiwa na wachungaji wawili ndani, kila mmoja anataka kufunga maombi ya mwenzake, na tunaondoka saa sita mchana wakati upepo umekwisha kuamka.

Kapiteni alikuwa akinung'unika juu ya hilo. Akanigeukia. "Weye Tanganyika, kule munafanyaka namna gani?"

Nikasema kule matelo anafungua kamba wakati wa maombi. Ikifika "Amina" boti iko tayari, inasukumwa tu, inakwenda. Hakuna dakika inayopotea.

Kapiteni alinishika mabega yote mawili. Akasema amesafiri maisha yake yote na jambo rahisi hivyo halikumjia. Leo tumelijaribu. Aliyeomba ni bibi mmoja wa Kikatoliki, Salamu Maria moja na ishara ya msalaba, na mwisho wake nilikuwa nimekwisha kufungua kamba ya mbele na ya nyuma. Tuliwaacha wengine wote bandarini wakiimba.

Nafikiri nina kipaji.


Jumamosi, 10 Machi, nyumbani

Mpango: kuugua mpaka Polycarpe apite.

Nilichukua kitunguu kimoja cha boti, nikakisugua machoni, nikalala na blanketi mpaka kidevuni. Machozi mengi! Élodie aliingia, akanusa, akauliza kama nimeanza kupika. Nikageukia ukuta.

Papa alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliona machozi. Akafikiri nalia kwa sababu sitaweza kwenda kazini Jumatatu! Akasema hajawahi kuona kijana anayependa kazi namna hiyo. Akaniambia, kwa Kifaransa, kile Kifaransa chake cha mambo makubwa, kwamba tangu nianze kutoka na boti yeye analala usingizi. Wiki nzima ya kwanza, baada ya Placide, hakulala hata kidogo. Sikujua hilo.

Halafu akachukua viatu vyangu vya kazi akaenda kuvipaka rangi.

Jumatatu nitakwenda. Mtu ambaye viatu vyake vimepakwa rangi na baba yake ataugua kwa uso gani?


Goma, Jumatatu, 12 Machi

Niko hai. Polycarpe ni mtakatifu.

Alifika na kofia nyeupe ya kapiteni yenye nanga ya dhahabu. Alipanda ubao wa boti polepole sana, kwa kukaa, akijivuta kidogo kidogo. Nikajua ndivyo wakubwa wa Tanganyika wanavyopanda, kwa tahadhari. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya katikati akaikumbatia kwa mikono miwili.

Nilipopita na kamba akaninong'oneza, akauliza mbele ya boti ni upande gani.

Mtihani! Nilijua mara moja. Mabaharia wa kweli wanawapima vijana kwa maswali mepesi ili waone kama watacheka. Sikucheka. Nikamwonyesha kwa heshima. Akasema vizuri.

Thierry hakungoja hata tupite peninsula, ile rasi ya Bukavu. Alinivuta mpaka kwenye ile nguzo, akamwita kapiteni, na kapiteni akakaa juu ya kreti ya bia kama jaji. "Haya, shemeji, huyu njo Tanganyika wetu. Zungumuzeni!"

Polycarpe aliniangalia. Mimi niliangalia viatu vyangu vinavyong'aa.

Kapiteni akamwuliza kama ni kweli kule hawaiti abiria. Polycarpe akaniangalia tena, muda mrefu, jasho likimtoka chini ya ile kofia. Akakohoa.

"Kimya," akasema. "Kimya kabisa."

Na kamba? Inafunguliwa kweli wakati wa maombi?

"Kila siku," Polycarpe akasema.

Nusura nilie! Mtu mzima, hanijui, ameona kijana anazama na amenyoosha mkono. Thierry alikuwa amefungua mdomo kama samaki. Akanisukuma, akasema basi nami nimwulize shemeji swali. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kama bandari ya Kalemie bado iko upande uleule.

Polycarpe aliikumbatia nguzo kwa nguvu zaidi.

"Vita," akasema hatimaye, "ilihamisha vitu vingi."

Wote wakaguna kwa huzuni. Kapiteni akavua kofia. Hakuna aliyeuliza tena.

Karibu na Idjwi Polycarpe akaanza kutapika. Kapiteni akamuuliza ana nini, akajibu kwamba ziwa hili ni dogo mno kwa tumbo lake. Kumbe ni kweli! Nilifikiri nimelibuni!

Goma aliponiaga aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akanong'ona, "Aksanti sana, mwanangu. Mke wangu asijue." Asijue nini? Sikuthubutu kuuliza. Watu wa Tanganyika wana adabu sana.


Goma, Alhamisi, 15 Machi

Leo nusura nimzamishe mwenye boti. Nitaandika kwa mfuatano, nikiweza.

Asubuhi, bandari ya Bukavu. Maman Adolphine anasafiri na sisi, anataka kuwaona matelo wake kwa macho kabla ya kutoa kadi. Amechelewa, yuko bado bandarini anabishana na wapagazi. Kapiteni haoni neno, anasema maombi yaanze, maman atapanda katikati. Mota imezimwa. Anayeomba ni mchungaji mmoja mnene kutoka Mwenga.

Nilifungua kamba ya mbele alipokuwa anashukuru kwa asubuhi. Ya nyuma alipofika kwa wasafiri. Halafu nami nikafumba macho, maana nilihitaji maombi kuliko wote.

Mchungaji hakuishia kwa wasafiri! Aliwaombea walio msituni Shabunda. Aliwaombea walimu wasiolipwa, na hapo nikasema amina kwa nguvu. Aliwaombea wakubwa wa pande zote, "bila kutaja majina, Bwana, unajua masikio ni mengi." Kapiteni alikuwa amefumba macho, mikono juu. Thierry amefumba. Wote tumefumba. Na boti, peke yake, bila mtu hata mmoja mwenye macho, ilikuwa inakwenda.

Kilichofumbua macho yangu ni sauti ya Maman Adolphine. Mguu mmoja juu ya boti, mmoja juu ya ubao, na nafasi katikati inakua. Ubao ukaanguka. Alipiga yowe, "Yesu wangu!", akajirusha mbele kama mtoto wa shule. Aliangukia magodoro. Kiatu kimoja na mwavuli vikaenda ziwani.

Alikaa. Alitengeneza kitambaa chake cha kichwa. Akauliza, polepole, nani alifungua kamba.

Thierry alininyooshea kidole. Simlaumu.

Nikataka kusema samahani. Mdomo, ule uliosema Tanganyika bila kuulizwa mara mbili, haukutoa kitu. Maman Adolphine akasema huyu mutoto atashuka leo leo, hataki kumwona tena kwenye boti yake, ata kama alizaliwa ndani ya Tanganyika. Nikaona barrière. Nikaona lori. Nikamwona Papa amesimama dirishani, koti mwilini.

"Rudi," Maman Adolphine akamwambia kapiteni. "Tumuache hapa."

Kapiteni akavuta kamba ya mota. Ikakohoa, ikafa. Akavuta tena. Na hapo ndipo tukasikia wanapiga kelele bandarini.

Wanajeshi. Wengi, na mizigo yao. Kamanda wao alikuwa anapunga mikono, anasema "Mungu Iko" inachukuliwa sasa hivi, inawapeleka askari upande wa Kalehe. Turudi haraka! Tunajua boti zilizochukuliwa hivyo. Hazirudi, au zinarudi na matundu, na matelo wao hawarudi nazo.

Kapiteni alivuta tena, mbele ya macho yao wote, kwa bidii ya mtu mwenye dhamiri safi. Hakuna. "Mota imekufa, Commandant!" akaita. Na ilikuwa kweli! Kamanda akapiga risasi moja hewani. Tukalala wote juu ya magodoro, Maman Adolphine, mchungaji, mimi, kichwa kwenye kichwa. Upepo ukaendelea kutusukuma taratibu, mpaka zile sauti zikawa kama za watoto wanaocheza mbali.

Tulipofika nyuma ya peninsula mota ikawaka mara ya kwanza. Kapiteni aliitazama, akaipiga kofi la upendo.

Maman Adolphine alikuwa bado amelala karibu nami. Aligeuza uso. Akaniambia siku nyingine ningoje yeye aweke miguu yote miwili.

Halafu akaanza kucheka, na mchungaji akacheka, na mimi nikalia. Bila kitunguu.


Bukavu, Ijumaa, 16 Machi

Nina kadi! Ina jina langu lote na picha ambayo ninaonekana kama mtu aliyeshtakiwa. Naitoa mfukoni kila mara. Sasa hivi nimeitoa tena.

Lakini niandike na lile jingine.

Maman Adolphine alipoisoma mbele ya boti yote, kwamba kadi ni ya Tanganyika, Thierry alikuwa amekaa juu ya magunia ya vitunguu. Hakunitukana. Aliinuka akaanza kukunja shati lake la kazi. Nilimsikia akimwuliza kapiteni kama njia ya juu, ile ya kupita kwenye mashamba, ina wanajeshi siku hizi. Ni mrefu kuliko mimi na ana sauti kubwa, sikuwahi kufikiri kwamba tuna umri mmoja. Ana miaka ya Placide.

Mdomo ukafanya kazi peke yake. Nikasema Tanganyika boti haisafiri na matelo mmoja. Hairuhusiwi.

Maman Adolphine akauliza anayekataza ni serikali ao ni ziwa.

Nikasema ni ziwa.

Serikali angebishana nayo. Akasema yeye tangu jana habishani na ziwa, akamwita Thierry aje atoe jina lake vizuri, na pesa ya picha.

Thierry alinipiga ngumi begani. Iliuma mpaka kwenye sikio. Aksanti, Thierry.


Jumapili, 18 Machi, nyumbani, baada ya misa

Jana niliamua. Nitasema ukweli. Nimepewa mengi mno, siwezi tena kudanganya: kazi, kadi, ndizi, viatu, Polycarpe. Nilimfuata kapiteni nikaanza, "Kapiteni, kuhusu Tanganyika..." Akanikatiza kwa furaha. Akasema hata yeye alitaka kuzungumza habari hiyo, Jumapili anakuja kwetu kumshukuru Papa kwa kumruhusu mtoto mdogo vile kwenda mbali vile, mpaka Kalemie.

Sasa yuko hapa. Élodie anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, harufu imejaa nyumba. Papa anafikiri kapiteni alinichukua kwa sababu ya Kifaransa changu. Papa anajua vizuri nimeishia wapi, maana pale Sange yeye ndiye aliyegeuza gari. Kapiteni anadhani anajua nilikotoka. Wamekaa pamoja sebuleni na bado hawajafika kwenye jina la Tanganyika. Wanazungumza bei ya mafuta.

Papa amesema anataka kumwonyesha mgeni vitabu vyake. Vitabu viko chumba hiki.

Nasikia viti vinasogezwa. Wanakuja. Viatu vya Papa, vile vinavyolia kidogo, na nyuma yake hatua nzito za kapiteni. Anacheka. Anasema, "Kule Kalemie, Papa Camille..."

Daftari hili ningelisukuma chini ya godoro. Mkono umekwisha kuanza. Hapana. Naliacha juu ya meza, wazi, na kalamu juu yake. Mdomo wangu utashindwa, basi ukurasa useme. Wasome wote wawili, wajue. Wamenifanyia mema, wanastahili ukweli, na kwa mara ya kwanza tangu nipande boti ile najisikia mwepesi kabisa.

Kitasa cha mlango kinazunguka.

Wakiuliza, ni insha ya darasani. Kule Tanganyika wanafunzi wote wanaandika hivi.